Haki Imo Kwenye Sheria, Sasa Ifike Mwaloni

Hotuba ya ofisi ya miradi ya dayosisi kwa wajumbe wa kamati za sharika, vyama vya watu wenye ulemavu na wageni kutoka sharika rafiki, iliyotolewa Kigoma mjini



Wapo kati yetu waliopanda basi alfajiri kutoka Kibondo na Kakonko, na wapo waliokesha ndani ya boti kutoka vijiji vya kusini mwa ziwa. Safari zenu zenyewe ni sehemu ya jambo tulilokuja kulizungumza: huduma za umma kwa watoto na watu wazima wenye ulemavu, na namna ya kuzirekebisha ili zimfikie mtu pale anapoishi.

Katika mkutano huu tunatakiwa kutoa maamuzi kuhusu awamu ijayo ya mradi wetu. Mapendekezo mawili yako mezani. La kwanza ni kujenga bweni la watoto wenye ulemavu hapa mjini. La pili ni kutumia nguvu zetu kuhakikisha kwamba halmashauri zetu zinatoa huduma ambazo sheria imekwisha kuziagiza. Tunaomba kueleza kwa nini sisi wa ofisi ya miradi tunalielekea pendekezo la pili.

Tumetoka wapi

Nchi yetu haikuanza jana. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilianzishwa na ndugu zetu Waanglikana mwaka 1950. Kanisa letu la KKKT nalo limeweka mkono wake: Irente kule Lushoto kwa wasioona, Mwanga na Njombe kwa viziwi, Usa River kwa mafunzo ya ufundi na marekebisho. Kwa miaka mingi, mtoto mwenye ulemavu aliyepata elimu alikuwa amefunguliwa mlango na dini, na mlango wenyewe mara nyingi ulikuwa mbali sana na kwao.

Mwaka 1981 Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Watu Wenye Ulemavu. Mwaka uliofuata Bunge letu lilitunga sheria mbili, moja ya ajira na nyingine ya matunzo. Tulitazame neno hilo, matunzo. Mtu alionekana kama mzigo unaotafutiwa mahali pa kuwekwa. Sera ya Taifa ya mwaka 2004 ilibadili lugha. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9, iliyozifuta zile mbili za mwaka 1982. Tangu hapo jina la jambo hili ni haki.

Sheria hiyo inasema mengi. Elimu ya mtoto mwenye ulemavu itolewe pamoja na wenzake, akipewa msaada unaomfaa. Majengo ya umma yafikike. Mwajiri mwenye watumishi 20 au zaidi ahakikishe walau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Zaidi ya hayo, sheria imeweka kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa hadi mkoa. Kamati hizi ndizo macho na masikio ya sheria. Kijiji kisicho na kamati hai, sheria kwake ni karatasi tu.

Mwaka 2018 sheria ya fedha za serikali za mitaa ilirekebishwa, na halmashauri zikatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe. Iliporudishwa mwaka 2024, Manispaa ya Kigoma Ujiji ilikuwa miongoni mwa halmashauri 10 nchini zilizochaguliwa kuanza kuitoa kwa njia ya benki. Kwa hiyo ndugu wa Ujiji na Mwanga, msidhani mambo haya ni ya Dodoma. Yalianzia mlangoni kwenu.

Nani anahesabiwa

Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa aina fulani. Utafiti wa mwaka 2008 ulikuwa umeonyesha asilimia 7.8. Katika kila watu 100, basi, 11 hivi. Wajumbe wakirudi kwenye sharika zao wafanye hesabu hiyo kimyakimya Jumapili, watazame mabenchi, wajiulize hao 11 wako wapi.

Tunaomba pia mwone kilichoachwa na takwimu hiyo kuu. Inaanza na miaka 7. Mtoto wa miezi minne mwenye nyayo zilizopinda hayumo. Mtoto wa mwaka mmoja ambaye shingo haijakaza hayumo. Mtoto wa miaka mitatu anayedhaniwa mkaidi, kumbe hasikii, hayumo. Na hao ndio ambao msaada wa mapema ungewafaa kuliko wote. Nyayo zilizopinda zikianza kufungwa plasta katika wiki na miezi ya kwanza, mtoto hutembea kama wenzake. Akicheleweshwa, njia inakuwa upasuaji. Mtoto kiziwi akipata lugha ya alama akiwa mdogo, anaingia shule na akili iliyochangamka. Asipoipata, anafika miaka 10 hana lugha yoyote ya kumwambia mama yake kwamba anaumwa.

Kwa upande wa watu wazima, tunao ndugu zetu waliopata polio utotoni. Tanzania ilipata mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili mwaka 1996, na mwaka 2015 ikathibitishwa kuwa haina ugonjwa huo. Tushukuru. Lakini waliougua wapo, sasa ni wazazi na mababu, na magongo waliyopewa wakiwa shule ya msingi yalikwisha zamani. Ugonjwa nao haujasahau njia: mwaka 2023 virusi vya polio vilivyotokana na chanjo vilipatikana mkoani Rukwa, jirani zetu wa ziwa hili hili, na mkoa wetu ukaingizwa katika kampeni ya chanjo. Tena wapo wanaopata ulemavu ukubwani, kwa kiharusi, kwa kisukari, kwa ajali za bodaboda. Ulemavu si kabila la watu wengine. Ni mlango ambao kila nyumba inaweza kuingia.

Ziwa, mchanga na umbali

Wageni wetu wanapoangalia ramani wanaona barabara. Wajumbe wa Kagunga, Mwamgongo, Sunuka, Buhingu na Kalya wanajua kwamba barabara yao kubwa ni maji.

Mama wa kijiji cha mwambao anapoambiwa ampeleke mtoto hospitali ya mkoa, Maweni, maana yake ni nauli ya boti, usiku mzima majini, mahali pa kulala mjini, na siku za kuacha kuanika dagaa. Katika mialo mingi hakuna gati. Boti inasimama nje kidogo, abiria wanavua viatu na kuvuka maji. Mtu asiyeweza kutumia miguu anabebwa mgongoni na kijana wa mwaloni, na anamlipa. Kwa hiyo mwenye ulemavu analipa nauli mara mbili, ya boti na ya mgongo, na heshima yake inalowana pamoja na nguo.

Tumegawa baiskeli za magurudumu matatu, na wafadhili wetu walizitoa kwa moyo. Mjini Ujiji, kwenye lami, zinawabeba watu hadi sokoni na msikitini. Lakini gurudumu jembamba halitembei kwenye mchanga. Ukiipeleka ile ile mwambao inageuka kiti cha kukalia mlangoni. Ndiyo maana tunasema huduma haipimwi kwa idadi ya vifaa vilivyotolewa. Inapimwa kwa mahali mtu alipoweza kufika baada ya kuvipata.

Katika Injili ya Yohana, sura ya 5, tunasoma habari za mtu aliyengoja kando ya birika kwa miaka 38. Uponyaji ulikuwapo hatua chache tu kutoka alipolala. Alichokosa ni mtu wa kumfikisha majini kwa wakati. Hali ya watu wetu wengi ndiyo hiyo. Daktari wa mifupa yupo, lakini yupo Mwanza, Moshi au Dar es Salaam, ambako reli yetu inafika baada ya kilometa zaidi ya 1,200. Mkopo upo, lakini fomu iko mjini. Mwalimu wa elimu maalumu yupo, lakini hakupangwa wilaya yetu. Kurekebisha huduma ni kuufupisha umbali huo.

Mafunzo kutoka Kabanga na kutoka kambini

Mkoa wetu una historia ambayo hatuwezi kuiruka. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipozidi katika mikoa ya Kanda ya Ziwa kuanzia miaka ya 2006 na 2007, watoto walipelekwa kutafuta usalama katika vituo vichache, na kimojawapo kilikuwa Kabanga, wilayani Kasulu, shuleni ambako tayari walikuwako watoto wasioona na viziwi. Kuta zile ziliokoa maisha. Tunawaombea heri walimu na walezi wa Kabanga kwa kazi ambayo wengi wetu tusingeiweza.

Hata hivyo ukuta unaomlinda mtoto unaweza pia kumtenga. Mtoto aliyeingia na miaka 6 anakua, anafikisha miaka 15, na swali la nyumbani linabaki: atarudi kwa nani? Kijiji kimebadilika? Baba anamtambua? Hatari nayo haijaisha. Mwaka 2024 mtoto mdogo mwenye ualbino aliuawa wilayani Muleba, mkoa wa Kagera, na nchi nzima ilitetemeka. Funzo tunalolichukua ni kwamba kituo ni dawa ya dharura. Tiba yenyewe ni kijiji ambacho mtoto anaweza kulala usingizi, chenye mwenyekiti anayejua jina lake, jirani anayepiga kelele, na zahanati yenye mafuta ya kukinga ngozi yake na jua, kama yanayotengenezwa na wenzetu wa KCMC, Moshi.

Funzo la pili linatoka kambini. Shirika letu la TCRS limehudumia wakimbizi tangu mwaka 1964, na mkoa huu unajua kazi hiyo. Katika kambi, mkimbizi mwenye ulemavu aliweza kuandikishwa, kupimwa na kufuatiliwa. Kambi ya Mtabila ilifungwa mwaka 2012, na Mtendeli mwaka 2021. Kambi ikifungwa, huduma iliyotegemea kambi hufunga virago pamoja nayo. Huduma ya mradi huondoka na mradi. Inayobaki ni ile iliyoandikwa kwenye bajeti ya halmashauri, yenye mtumishi wa kudumu na kifungu chake cha fedha.

Kwa nini hatupendekezi bweni sasa

Tunafahamu jengo lina mvuto. Linapigwa picha, linawekewa jiwe la msingi, na mfadhili anaweza kuwaonyesha watu wake. Hatulidharau. Yapo mazingira ambapo bweni ni la lazima, hasa kwa mtoto kiziwi au asiyeona ambaye shule yenye mwalimu wake iko mbali.

Lakini tuhesabu. Bweni litachukua watoto wachache. Litataka chakula, walezi, maji, umeme na ulinzi kila mwezi, mwaka baada ya mwaka, hata siku ambayo barua ya mfadhili itakuja na habari ya kupunguza. Halitamfikia mtoto wa miezi minne. Halitamfikia baba wa miaka 50 mwenye gongo lililovunjika. Tena litawapa baadhi ya watu sababu ya kusema, "Hao ni wa Walutheri." Sisi Walutheri si wengi katika mkoa huu. Watoto wenye ulemavu ni wa Waislamu wa Ujiji, wa Wakatoliki wa Kasulu, wa Wapentekoste wa mwambao, na ni wa taifa. Halmashauri ndiyo nyumba yao wote.

Mambo tunayopendekeza

La kwanza, kuwabaini watoto mapema kupitia huduma ya mkoba. Wauguzi hufuata vijiji kwa ajili ya chanjo na kupima uzito. Tunataka safari hizo hizo ziwe na mtu aliyefundishwa kutazama miguu, macho, masikio, mgongo na ukuaji wa mtoto, na daftari la kuandika rufaa. Mradi ungechangia mafunzo na mafuta ya boti kwa kipindi maalumu, kwa mkataba kwamba halmashauri inaingiza gharama hizo kwenye bajeti yake hatua kwa hatua. Pasipo mkataba wa maandishi, tusianze.

La pili, rufaa yenye miguu. Karatasi ya rufaa peke yake haimfikishi mtu. Kila usharika wa mjini uwe na nyumba mbili au tatu za kupokea mzazi na mtoto kwa siku za matibabu. Jambo hili halihitaji mfadhili. Linahitaji mkeka, uji na moyo.

La tatu, shule ya karibu. Elimu bila ada imekuwapo tangu mwaka 2016, lakini mtoto asiyeweza kuingia chooni shuleni ameshafukuzwa bila barua. Kamati zikague: kuna njia ya mteremko? Choo kinafikika? Nani kati ya walimu ana mafunzo ya elimu maalumu? Taarifa iende kwa Afisa Elimu kwa maandishi, na nakala ibaki usharikani.

La nne, watu wazima. Mara nyingi huruma yetu huishia kwa watoto kwa sababu picha ya mtoto inagusa. Lakini kijana mwenye ulemavu wa akili akifikisha miaka 18 haponi kwa sababu ya siku ya kuzaliwa. Mama yake anazeeka naye ndani ya nyumba ileile. Vyuo vya serikali kama Yombo cha Dar es Salaam na Luanzari cha Tabora vina nafasi yake. Tuwatafutie vijana wetu fomu. Na ile asilimia 2: halmashauri ikikusanya shilingi milioni 500 za mapato ya ndani, shilingi milioni 10 ni fungu la watu wenye ulemavu. Zisipoombwa kwa utaratibu, hakuna atakayezipeleka nyumbani kwa mtu. Tuwasaidie kuandika katiba ya kikundi, kufungua akaunti, na kuchagua biashara inayostahimili mwambao. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Anayetegemea dagaa pekee alifunga pamoja nalo.

La tano, mawasiliano. Mwanamke kiziwi anayejifungua anastahili kuelewa mkunga anasema nini. Tunapendekeza kozi fupi za lugha ya alama kwa wauguzi, polisi wa dawati la jinsia na wahudumu wa sharika, zikifundishwa na viziwi wenyewe na kulipwa kama kazi ya mwalimu yeyote.

Kalenda ya kufuatilia

Ndugu wajumbe, utetezi si kelele. Ni kujua tarehe. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai. Mipango ya vijiji na kata hukusanywa miezi ya mwisho wa mwaka, na baraza la madiwani hujadili bajeti mwanzoni mwa mwaka unaofuata. Anayekwenda kuuliza mwezi Mei anakuta chungu kimeshaepuliwa. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kufanyika kila baada ya miezi 3. Tunaomba kila kamati ihudhurie mkutano wa robo ijayo na kuuliza maswali manne: Kamati ya watu wenye ulemavu ya kijiji hiki ipo, na imekutana lini? Daftari la watu wenye ulemavu lipo, na watoto wachanga wameandikwa? Mwaka huu halmashauri imetenga kiasi gani cha asilimia 2, na kimetolewa kiasi gani? Nani ni Afisa Ustawi wa Jamii wetu, na anafika huku mara ngapi?

Twende na masheikh, twende na mapadre. Zaidi ya hao wote, watangulie watu wenye ulemavu wenyewe, kupitia SHIVYAWATA na vyama vyao. Wao ndio wenye shauri, sisi ni wasindikizaji. Hapo pia tuchunge ndimi zetu. Mtu hatajwi kwa jina la upungufu, na neno zeruzeru tulizike. Anayeitwa kwa jina lake huulizwa maoni. Anayeitwa kwa ulemavu wake hupewa sadaka akapita.

Neno kwa wafadhili

Kwenu ndugu zetu wafadhili, tunajua tunawaomba jambo gumu: kugharimia kazi isiyo na paa. Taarifa zetu zitakuwa na picha chache za majengo. Badala yake mtasoma ni vijiji vingapi vina kamati zinazokutana, ni watoto wangapi walianza plasta kabla ya kutimiza mwaka, ni fedha kiasi gani za halmashauri zilizotoka kwenye kifungu na kufika mikononi mwa watu. Namba hizo zikiwa ndogo tutaziandika hivyo hivyo. Na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, iliyoweka utaratibu wa kuwagharimia wasio na uwezo, inatupa swali la kuisukuma pamoja: je, magongo, vifaa vya kusaidia kusikia na mazoezi ya viungo vitahesabiwa kuwa matibabu?

Ndugu wajumbe, mchana huu mtapiga kura. Mkiamua bweni, tutalijenga kwa uaminifu, na tutawaomba mseme leo leo nani atalilisha mwaka wa sita. Mkiamua njia tunayoipendekeza, kazi itaanzia kwenye kijiji chako, katika mkutano wa hadhara, pale mwenyekiti atakapouliza kama kuna mengineyo na wewe ukasimama.